Umeme Mdogo, Joto Kubwa: Prosesa Zilivyoishi Dar es Salaam

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500. Muuzaji alikuwa kampuni ya ICT ya Uingereza, ingawa undani wa mashine ulikuwa wa Kimarekani: ilikuwa RCA 301 iliyopewa jina jipya. Kompyuta za kizazi kile zilijaa transista makabati kwa makabati, zilikula umeme mwingi, na hazikukubali kufanya kazi bila chumba chao wenyewe chenye kiyoyozi. Katika mji ambao mchana wa Februari hufika nyuzi 32 na usiku wake hauna nafuu, hilo halikuwa jambo dogo. Mashine ilitengenezewa hali ya hewa yake, karani akaendelea kutegemea dirisha.

Mapenzi hayakudumu. Hazina ilihamia kwenye ICL 1900, na kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta 7. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine lilikwenda mrama, na kazi ikarudi kwenye kalamu na leja. Mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na runinga. Aliyezihitaji kweli aliomba kibali maalumu. Siku hizi watu huisimulia marufuku ile kwa kicheko. Mimi siicheki sana. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara kadhaa tangu mwishoni mwa 1973, ukame ulikuwa umelazimisha nchi kununua chakula nje, na mashine iliyogharimu fedha za kigeni ilikuwa imeshindwa kujumlisha. Ila matokeo yake yalikuwa mazito: wakati vijana wa nchi nyingine wanajifunza kompyuta kwa kuzifungua na kuziharibu, hapa hapakuwa na cha kuharibu.

Kwa sadfa, miaka hiyohiyo Kariakoo ilikuwa inapata jengo lililolielewa joto kuliko mashine yoyote. Msanifu Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea Haifa, alichora soko la zege lenye mapaa mfano wa miavuli iliyopinduliwa, hewa ikipenya kati yake na maji ya mvua yakishuka kupitia nguzo. Lilifunguliwa 1975. Halikuhitaji kiyoyozi, kwa sababu mchoraji wake alianza na jua na upepo, kisha akaja kwenye kuta. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, lakini mwenye jicho bado anaona wazo lake: joto huondolewa kwa kulipatia njia.

Umeme nao ulikuwa na historia yake ya kuchagua nani kwanza. Ulianza mjini 1908, enzi za Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa wazungu. Waingereza wakaunda idara ya serikali 1920, na 1931 wakaikabidhi kazi kwa kampuni mbili binafsi, DARESCO na TANESCO. Mji ulikuwa umegawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Kariakoo ndiyo iliyokuwa Uswahilini, mitaa iliyonyooka yenye nyumba za vyumba 6 na ukumbi katikati. Baada ya Uhuru serikali ilizinunua kampuni hizo na kuziunganisha. Bwawa la Hale lilianza 1964 kwa megawati 21, Kidatu ikafuata 1975 na baadaye ikafika megawati 204. Nyaya za Kariakoo, hata hivyo, zilitandikwa kwa ajili ya taa, redio na pengine pasi. Hakuna aliyepiga hesabu ya ghorofa 8 za maduka mahali palipokuwa na nyumba moja ya udongo na chokaa.

Mwaka 1984, marufuku ikiwa bado hai hapa, IBM ilitoa kompyuta yake ya AT. Prosesa ilikwenda megahezi 6, ikifuata kristali ya megahezi 12 iliyochomekwa kwenye madabodi. Haikuchukua muda wenye udadisi wakagundua kwamba kristali hiyo hung'oka. Walinunua ya megahezi 16 kwa dola chache, wakaichomeka, na mashine ikakimbia megahezi 8 bila kulalamika. IBM ilijibu kwa kuweka ukaguzi ndani ya bayosi, programu inayoiamsha mashine: kasi ikizidi iliyoandikwa, mashine inagoma kuwaka. Mchezo wa paka na panya kati ya kiwanda na mwenye kompyuta umeendelea mpaka leo, na ndio watu wanaouita kuovakloki.

Mchezo wenyewe una hesabu ngumu moja tu. Kila prosesa hufanya kazi kwa mapigo ya saa. Ukiongeza mapigo, kila swichi ndani yake inapewa muda mfupi zaidi wa kubadilika, na usipoiongezea msukumo baadhi ya swichi huchelewa: hesabu inakosewa, programu inajifunga, skrini inageuka buluu. Msukumo ni volteji. Lakini joto linalozalishwa hukua sawa na kasi, na hukua kwa mraba wa volteji. Chukua prosesa ya wati 65 inayokula volti 1.20. Ipandishe kasi kwa asilimia 20 na volteji mpaka 1.35. Matumizi hayapandi kwa asilimia 20. Yanapanda kwa zaidi ya asilimia 50, mpaka karibu wati 99. Na silikoni ikishachemka huvujisha umeme zaidi, nao huongeza joto juu ya joto.

Sasa iweke prosesa hiyo chini ya kipozajoto cha kawaida, kile kinachopanda nusu nyuzi kwa kila wati, ndani ya kasha ambalo hewa yake inazidi ya chumbani kwa nyuzi 8. Kwenye chumba cha nyuzi 20, Stockholm au Munich, itatulia karibu na nyuzi 77. Kwenye chumba cha nyuzi 32, Mtaa wa Aggrey wa Kariakoo, itafika 89, na hapo vumbi bado halijaingia. Hakuna feni inayoweza kupoza kitu chini ya hewa inayoivuta. Faida ambayo mtu wa nchi ya baridi huipata bure dirishani, wa Dar es Salaam huinunua kwa kiyoyozi, na kiyoyozi nacho kinakula umeme uleule unaogombaniwa.

Marufuku ililegea miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 mlango ukafunguka. Runinga za ITV na DTV zilianza kurusha matangazo 1994, maduka ya intaneti yakajaa katikati ya mji mwishoni mwa muongo, na wafanyabiashara wa Kariakoo waliokuwa wakifuata vitenge na redio Dubai wakaanza kurudi na kompyuta. Walizikuta sokoni katika kipindi kichafu. Wajanja wa Asia na Ulaya walikuwa wakifuta maandishi ya prosesa za kasi ndogo, wakiandika kasi kubwa, na kuziuza kwa bei ya maandishi hayo. Intel ilichoka, ikaanza kufunga kizidisho, yaani namba ambayo mapigo ya madabodi huzidishwa nayo kupata kasi ya prosesa. Wapenda mchezo walidhani wamelengwa wao. Aliyekuwa hatarini zaidi ni mnunuzi wa mwisho wa mnyororo, aliyelipa taslimu mahali pasipo na risiti wala dhamana, akabeba mashine iliyokwishaovaklokiwa bila yeye kujua, kisha akaiwasha kwenye chumba cha nyuzi 32. Ikistaki mchana na kupona usiku, alilaumu virusi.

Kufuli la kizidisho liliacha mlango mmoja wazi: mapigo ya madabodi yenyewe. Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini, dola 149. Mapigo yalikuwa 66, kizidisho 4.5, kasi megahezi 300. Ukiweka mapigo 100, ilikwenda 450, sawa na Pentium II iliyouzwa zaidi ya dola 600. Kampuni ya Abit ya Taiwan ilitengeneza madabodi ya BH6, ambayo mtu alibadili mapigo na volteji kwa kibodi badala ya kuhangaika na vipini vidogo. Kwenye madabodi nyingine watu waliziba mguu mmoja wa prosesa, ule wa B21, kwa kipande cha utepe, na madabodi ikadanganyika. Nilipokuwa kijana hadithi za Celeron hiyo zilitufikia kama habari za mpira wa Ulaya. Tulizijua kwa takwimu, tukabishana juu yake, na hatukuwahi kuzigusa.

Kilichotugusa kilikuwa kwenye soketi ya ukutani.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Hiyo ni namba ya kwenye karatasi. Transfoma ya mtaa hutoa fezi 3, kila moja ikiwa na volti 230 dhidi ya nyutro na karibu 400 dhidi ya mwenzake. Nyumba ya mwisho wa laini hupata kinachobaki baada ya waya kula sehemu yake, mithili ya bomba la maji lililopita kwa majirani kumi kabla ya kukufikia. Saa 7 mchana, viyoyozi vya ghorofa zote vikiunguruma, volti 230 hushuka, taa za balbu hugeuka njano, na feni huzunguka kwa uvivu. Usiku maduka yakifungwa, zinapanda tena. Huo ndio umeme mdogo na umeme mkubwa ambao kila mwenye friji Kariakoo anaujua.

Hatari kubwa zaidi ni nyutro. Ikilegea au kukatika, wateja wa fezi tofauti hujikuta wameungwa mfululizo ndani ya zile volti 400. Mwenye mzigo mkubwa anapata kidogo, mwenye mzigo mdogo anapata kingi mno. Duka lenye redio moja na taa mbili hupokea kinachotosha kuchoma vyote vitatu. Hakuna mpangilio wa bayosi unaomkinga mtu na hilo.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza mwenye kompyuta wa Dar es Salaam alichokinunua, kabla ya printa na pengine kabla ya kipanya cha pili, kilikuwa stabilaiza. Ndani yake mna transfoma yenye mikono kadhaa na relei zinazoruka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ule mlio wake wa tak-tak ofisini ulikuwa ripoti ya hali ya mtaa mzima. Wengine walitumia kinga ya friji, aina ya Sollatek, ambayo umeme ukirudi huusubirisha dakika kadhaa kabla ya kuupitisha, kwa kuwa dakika za kwanza ndizo zenye mapigo ya ghafla. Wenye uwezo waliongeza yupiesi yenye betri. Wakati mtu wa Munich anahesabu milivolti za prosesa, hapa tulikuwa tunahesabu makumi ya volti kabla hata hazijafika kwenye pawasaplai.

Pawasaplai zenyewe zilikuwa somo. Za zamani zilikuwa na swichi nyekundu nyuma, 115 au 230. Kompyuta iliyotoka ofisi ya Marekani ilifika ikiwa kwenye 115, na asiyeangalia aliichomeka hivyohivyo: mlio mmoja, moshi, na harufu isiyosahaulika. Zilizokuja baadaye hupokea volti 100 hadi 240 bila kuuliza, na kwa hizo umeme mdogo si tatizo kubwa tena. Tatizo likabaki kukatika. Pawasaplai nzuri hubeba mzigo wake kwa sekunde 0.016 hivi baada ya umeme kupotea, tena mzigo ukiwa mkubwa akiba huisha mapema. Prosesa iliyoongezwa kutoka wati 65 hadi 99 inajipunguzia mwenyewe nafasi ya kuvuka kule kupepesa kwa taa ambako mtaani hakuna anayekuhesabu kuwa ni kukatika.

Mwaka 2006 kukatika kulikuwa ndiyo hali ya kawaida. Mvua zilikosekana, bwawa la Mtera likashuka, na mgawo ukaingia. Mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond uliofuata ulimwangusha Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008. Mwaka 2011 mgawo ulirudi kwa ukali. Hiyo ndiyo miaka ambayo kompyuta ilikuwa imekuwa chombo cha uzalishaji mjini. Bongo Fleva ilikuwa imekulia kwenye studio kama Bongo Records ya P-Funk na MJ Records ya Master Jay, filamu za akina Steven Kanumba zilisambazwa kutoka Kariakoo kwa maelfu ya nakala, na kila filamu ilipaswa kurendwa, yaani kukokotolewa na kompyuta picha kwa picha. Kurenda video ni kipimo kikali zaidi cha uthabiti kuliko programu yoyote ya majaribio. Prime95, ambayo wapenda kasi huitumia kuitesa prosesa, huendeshwa kwa hiari. Kurenda hutesa kwa saa nyingi, kukiwa na mteja anayesubiri. Mashine inayokosea hesabu moja katika saa ya 5 haina maana kwa mhariri, hata ingekuwa na kasi mara mbili. Kwa kazi hiyo, busara ilikuwa kuiacha prosesa kwenye kasi ya kiwandani na kuitafutia jenereta.

Kundi kubwa la kompyuta zilizofika Kariakoo kuanzia hapo lilikuwa mitumba ya ofisi: Dell OptiPlex, HP Compaq, zilizostaafishwa Ulaya, Marekani na Ghuba. Bayosi za mashine hizo hazina ukurasa wa volteji wala kasi. Zimefungwa kwa ajili ya mameneja wa ofisi. Baadhi zilibeba pia ugonjwa wa zama zao, kapasita mbovu za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilizoifanya OptiPlex GX270 kuwa na sifa mbaya dunia nzima. Kapasita ya aina hiyo hupoteza nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Iliyohesabiwa miaka 6 kwenye ofisi ya baridi haina miaka 3 Kariakoo. Fundi alipofungua kasha, aliangalia kwanza vichwa vya kapasita. Vilivyovimba alivitoa kwa chuma cha risasi na kupachika vingine alivyovitoa kwenye madabodi iliyokufa.

Baada ya hapo alifanya kazi ambayo naiheshimu kuliko rekodi zote za kuovakloki kwa nitrojeni ya kimiminika. Alitoa feni, akapuliza vumbi lililoganda kwa unyevu wa pwani mpaka likawa kama blanketi, akakwangua pesti iliyokauka kati ya prosesa na kipozajoto, akapaka mpya, akarudisha. Mteja aliondoka akisema mashine imekuwa nyepesi. Haikuwa imani tu. Prosesa za AMD Athlon za mwaka 2000 hazikuwa na kinga, ukiondoa kipozajoto zinaungua kwa sekunde. Lakini tangu Pentium 4 prosesa za Intel hujipunguzia kasi zenyewe zikichemka. Kisha mwaka 2008 Intel ikaleta Turbo Boost: prosesa hupanda juu ya kasi yake ya msingi kila inapoona joto na umeme vinaruhusu. Tangu siku hiyo kiwanda ndicho kinachoovakloki, na kasi unayoipata inategemea ubaridi unaoipa. Fundi anayefuta vumbi Mtaa wa Likoma anapandisha kasi ya prosesa kwa maana kamili ya neno, bila kugusa bayosi.

Hatua inayofuata kwa mji wa joto ingekuwa kushusha volteji. Kiwanda huweka volteji ya kutosha kwa prosesa dhaifu kuliko zote katika kundi, kwa hiyo nyingi zinapewa zaidi ya zinachohitaji. Ukiipunguza kidogo kidogo huku ukipima uthabiti, kasi inabaki ileile na joto linashuka kwa mraba: kutoka volti 1.25 hadi 1.15 ni karibu asilimia 15 ya wati zimeondoka. Kwenye laptopu hasa, hiyo ilikuwa nafuu kubwa isiyo na gharama. Desemba 2019 watafiti wa Ulaya wakatangaza shambulio la Plundervolt, lililoonyesha kwamba kwa kushusha volteji kwa makusudi mdukuzi anaweza kuifanya prosesa ya Intel ikosee hesabu za siri. Intel ilitoa marekebisho, na watengenezaji wengi wa laptopu wakafunga kitasa hicho cha volteji kabisa. Sababu yao inaeleweka. Lakini aliyenyang'anywa ni mtumiaji wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, si yule mwenye kiyoyozi na madabodi ya wapenda michezo, ambako kitasa kilibaki. AMD ilikwenda njia nyingine: mwaka 2020, kwenye Ryzen 5000, iliweka ndani ya bayosi njia ya kushusha volteji kwa kila kiini, na kwenye Ryzen 7000 za 2022, ambazo kwa kawaida hukimbia mpaka zifike nyuzi 95, iliweka hali ya kubana matumizi mpaka wati 65.

Upande wa umeme mambo yalibadilika kwa kishindo. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, uliingizwa kwenye gridi; mitambo yote 9, megawati 2,115, ilikamilika 2025. Uhaba wa uzalishaji ulikwisha. Waya wa mwisho kwenye nguzo ya mtaa ni jambo jingine, na mlio wa stabilaiza bado unasikika Msimbazi.

Mwaka huohuo, 2024, Intel ilikiri tatizo kwenye prosesa zake kubwa za kizazi cha 13 na 14 za deskitopu. Programu yake ya ndani ilikuwa ikiomba volteji kubwa mno, na baada ya miezi ya kazi saketi zilichakaa mpaka prosesa ikahitaji volteji ya juu zaidi ili isikosee. Agosti ilitoa marekebisho ya bayosi na kuongeza dhamana kwa miaka 2, ikieleza wazi kwamba marekebisho hayaponyi prosesa iliyokwishaharibika.

Prosesa hizo ziliuzwa kuanzia mwishoni mwa 2022. Ofisi na studio za ng'ambo hustaafisha mashine baada ya miaka 4 au 5, na kontena hufuata njia ileile ya Dubai, kupitia bandari ya Jebel Ali. Dhamana haisafiri nazo. Mwenye duka ataiwasha mbele ya mteja, Windows itafunguka, na hakuna kitakachoonekana kwa macho. Mnunuzi mwenye akili ataomba iachwe irende video nusu saa, kasha likiwa limefungwa, saa 7 mchana.